Msanii akieleza kazi yake, tumsikilize vipi?

Jioni moja ya mwaka 1941, mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alikuwa njiani akirudi kutoka kazini katika jimbo la New Mexico alipouona mwezi umechomoza juu ya kijiji cha Hernandez. Chini yake, misalaba ya makaburini ilikuwa inang'aa kwa mwanga wa mwisho wa jua. Alisimamisha gari, akatoa stendi na kamera yake kubwa, akatafuta kipimamwanga asikione. Akakumbuka kwamba mng'ao wa mwezi unajulikana, mishumaa 250 kwa futi moja ya mraba, akapiga hesabu kichwani na kufyatua. Alipogeuza kibebea filamu ili apige ya pili, jua lilikuwa limeshaondoka kwenye misalaba.

Adams aliisimulia hadithi hii kwa miaka mingi, na kiini chake hakikubadilika. Kilichoyumba ni mwaka. Mara aliandika 1940, mara 1941, mara 1942, na kuna mahali alipoandika 1944. Mwishowe wanaanga ndio walioamua kwa kupima mahali mwezi ulipokuwa angani kwenye picha yenyewe. Hesabu ya kwanza ilitoa tarehe 31 Oktoba 1941. Mtaalamu mwingine akairudia kwa makini zaidi na kufikia tarehe 1 Novemba 1941, saa 10:49 jioni.

Mtu huyu alishindwa kukumbuka mwaka, lakini namba ya mng'ao wa mwezi hakuisahau. Kumbukumbu ya msanii ina sehemu zilizo imara na sehemu zilizo dhaifu, na haziko pale ambapo msomaji angezitarajia. Kile ambacho mikono ilifanya hukaa. Tarehe huteleza. Na sababu, yaani kwa nini alichagua hiki akaacha kile, mara nyingi hutungwa baadaye, tena na msanii mwenyewe anayeamini anakumbuka.

Hapo ndipo ugumu wa kusoma mahojiano ya wapiga picha na wachoraji unapoanza. Katika mazungumzo hayo kuna kumbukumbu ya kilichofanyika, kuna maelezo ya sababu, na kuna sura ambayo msanii angependa ulimwengu uione. Yote hutoka kwenye mdomo mmoja, kwa sauti ileile, na hakuna alama inayotuonyesha hiki kimeishia wapi na kile kimeanzia wapi.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Francis Bacon. Mchoraji huyu aliyeishi London alizungumza na mhakiki David Sylvester tangu mwaka 1962 hadi katikati ya miaka ya 1980, na mazungumzo yao ni kati ya yanayosomwa zaidi katika sanaa ya karne iliyopita. Humo Bacon alishikilia jambo moja: hachori rasimu. Alisema analivamia turubai moja kwa moja, anairusha rangi, anaisugua kwa kitambaa, na picha inazaliwa kutokana na ajali ambayo yeye huiona, huikubali au huifuta. Vizazi vya wanafunzi wa sanaa vilimeza maneno hayo. Wengine, nadhani, waliacha kabisa kuchora rasimu kwa kumwiga.

Bacon alifariki mwaka 1992. Baada ya hapo michoro ikaanza kujitokeza, mingine ikiwa kwenye karatasi ambazo marafiki walikuwa wamehifadhi. Mwaka 1998 jumba la sanaa la Tate la London lilinunua kadhaa. Mwaka huohuo studio yake ya London, chumba kidogo kilichojaa takataka hadi magotini, ilitolewa kwa jumba la sanaa la Hugh Lane la Dublin. Huko wataalamu waliichambua kitu kimoja kimoja kama wachimbaji wa magofu na kuorodhesha zaidi ya vitu 7,000. Kulikuwa na picha zilizochanwa kutoka vitabuni, zikakunjwa, zikakanyagwa na kurukiwa na rangi. Kulikuwa na turubai alizozikata kwa kisu. Na michoro pia ilikuwamo. Kwenye kurasa za baadhi ya vitabu vyake kulikutwa hata orodha za picha alizopanga kuchora, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Je, alidanganya? Wapo wanaosema hivyo na kuishia hapo, lakini mimi naona ni jibu la haraka mno. Michoro iliyopatikana ni ya harakaharaka, mistari michache ya kuona mwili utakaa wapi ndani ya fremu. Bacon hakusomea uchoraji chuoni. Alijifundisha mwenyewe, na watu wa aina hiyo huwa wanaona haya kuhusu sehemu fulani ya ufundi wao. Halafu kuna jambo zito zaidi. Huenda alihitaji kuamini kwamba picha inakuja kwa ajali ili aweze kuendelea kuchora. Mpango unapoonekana sana, mkono hukaza. Kwa hiyo maneno yake hayatuambii sawasawa alichokuwa akifanya, lakini yanatuambia alivyotaka kujihisi mbele ya turubai. Hiyo nayo ni habari, mradi tusiichanganye na ile ya kwanza.

Zaidi ya hayo, Sylvester mwenyewe alieleza kwamba mahojiano yaliyochapishwa hayakuwa kanda iliyoandikwa neno kwa neno. Alikata, akahamisha, akaunganisha vipande vya vikao tofauti ili hoja itiririke. Ule ufasaha tunaousifu kwa Bacon, sehemu yake ni kazi ya mkasi wa mhariri. Karibu kila mahojiano mazuri ya msanii yako hivyo. Mtu akiongea hurudia, huacha sentensi njiani, huruka kutoka jambo moja hadi jingine. Ukisoma mahojiano ambayo kila jibu lina mwanzo, kati na mwisho, jua kuna mtu wa pili aliyekaa na kalamu.

Saikolojia nayo ina la kusema. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyowakera watu wengi. Katika jaribio mojawapo, wapita njia walionyeshwa jozi nne za soksi ndefu za kike zilizopangwa mezani na kuulizwa ipi ni bora. Wengi walichagua za upande wa kulia. Walipoulizwa sababu, walitaja ufumaji, ulaini, ubora wa kitambaa. Hakuna aliyetaja upande zilipokuwa zimelazwa. Na jozi zote nne zilikuwa sawa kabisa.

Mwaka 2005 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Petter Johansson na Lars Hall walikwenda mbali zaidi, tena kwa kutumia picha. Mtu alionyeshwa picha mbili za sura na kuombwa achague inayomvutia. Kisha kwa ujanja wa mkono, kama wa mchezesha karata, alipewa ile ambayo hakuichagua na kuombwa aeleze kwa nini aliichagua. Wengi hawakugundua. Walieleza bila kusita, na wengine walitaja vitu vilivyokuwa kwenye picha waliyopewa tu, hereni kwa mfano, ambavyo kwenye picha waliyoipenda kweli havikuwapo.

Mtu anaweza kusema mpita njia si msanii, na soksi si kazi ya miezi sita. Ni kweli. Msanii ameishi na kazi yake, ameigeuza mara nyingi, na ana ushahidi studioni. Lakini maamuzi yenyewe, yale ya nusu sekunde, kwamba mstari huu uishie hapa au kamera ishuke kidogo, hutokea mahali ambapo maneno hayafiki. Anapokuja kuulizwa miaka mitano baadaye, akili yake hufanya kile ambacho akili ya kila mtu hufanya: hutafuta sababu inayofaa na kuipachika pale.

Ndiyo maana swali la "kwa nini" huleta majibu mabovu kuliko swali lolote, ingawa ndilo linaloulizwa zaidi. "Ulipata wapi wazo hili?" ni ndugu yake. Majibu yake tunayajua kwa moyo: utotoni, safarini, huzuni, mwanga. Ukitaka kupata kitu, uliza habari za vitu. Kitambaa hiki kilitoka wapi? Ulipiga ngapi kabla ya hii? Ipi uliitupa?

Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, ni ushahidi mzuri wa hilo. Studio yake ilipata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila jina la aliyezipiga. Mfaransa André Magnin, aliyekuwa akikusanya sanaa ya Afrika, alifunga safari hadi Mali kumtafuta mwenyewe, akampata. Katika mazungumzo yaliyofuata, Keïta hakujenga nadharia yoyote kubwa. Alisema kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka lake la kitandani, lenye matamvua. Baadaye alikuwa akibadilisha kitambaa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na kwa kuangalia kitambaa aliweza kukadiria picha ilipigwa lini.

Tuangalie kilichotokea hapo. Picha hazikuwa na tarehe, na wapigwa picha walikuwa wameshatawanyika. Jibu dogo kuhusu shuka likageuka kuwa kalenda ya kazi nzima. Keïta alieleza pia kwamba aliipenda zaidi nuru ya jua, hivyo alipigia uani, na kwamba kwa sababu ya gharama alimpiga mteja picha moja tu. Moja! Baada ya kujua hivyo, ule utulivu wa sura zake unausoma upya. Muda mwingi ulitumika kabla ya kufyatua, kwenye kumweka mteja, kumgeuza bega, kumkabidhi kalamu, saa au redio ya studio. Hakuna mkosoaji ambaye angeligundua jambo hilo kwa kukodolea macho karatasi, na hakuna swali la "falsafa yako ni ipi" ambalo lingelitoa.

Kwa mpiga picha kuna mtego wa ziada. Uchoraji huchukua siku au miezi, na turubai lenyewe hubeba athari za safari hiyo. Picha hufyatuliwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kwa hiyo watu hudhani ubunifu wote uko kwenye sekunde hiyo. Mahojiano mengi huishia hapo: ulikuwa wapi, ulihisi nini, ulijuaje ni wakati wenyewe.

Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alibebeshwa mzigo huo maisha yake yote. Kitabu chake cha 1952 kilimfanya aonekane kuhani wa nukta ya wakati, mtu anayeona kila kitu kabla hakijatokea. Picha inayotajwa zaidi kama kielelezo ni ile ya 1932 iliyopigwa nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris: mwanamume anaruka dimbwi na kisigino chake kimebakiza kidogo kugusa maji. Alipoulizwa, alieleza kwamba palikuwa na ua wa mbao, akapenyeza kamera kwenye upenyo, na upenyo ulikuwa mwembamba kiasi kwamba upande wa kushoto wa negativu, yaani filamu ambayo picha huchapwa kutoka kwake, uliharibika na ikabidi ukatwe. Katika mahojiano ya uzeeni alikiri hata kwamba hakuweza kumwona yule mtu akiruka. Ilikuwa bahati, alisema, na bahati ndiyo yenye uzito.

Wapenzi wa nadharia hawakulipenda jibu hilo. Mimi nalipenda, ila nalo halitoshi. Bahati haikuchagua negativu ile moja kutoka kwenye filamu nzima. Mpiga picha anayetumia filamu huchapa fremu zote za filamu kwenye karatasi moja, ndogondogo, safu kwa safu, kisha hukaa na kioo cha kukuzia na penseli nyekundu. Hapo ndipo uamuzi mwingi hufanyika. Fremu hii imekaribia, hii mtu amefumba macho, hii iko sawa lakini haina uhai. Karatasi hiyo ndiyo shahidi ninayemwamini kuliko kauli yoyote, na mhojaji mwenye akili huiweka mezani kati yake na mpiga picha kabla ya kuwasha kinasa sauti. Siku hizi faili za kamera ya kidijitali, zikiwa hazijafutwa, zinafanya kazi hiyohiyo, tena zikiwa na saa na sekunde ndani yake.

Baada ya kuchagua kuna chumba cha giza, ambamo picha huchapwa kwenye karatasi. Tukirudi kwa Adams, alikuwa akisema negativu ni kama muziki ulioandikwa, na kuchapa picha ni kama kuupiga. Negativu ile ya Hernandez aliichapa tena na tena, zaidi ya nakala elfu moja, kwa takriban miaka arobaini. Katika nakala za mwanzo anga lina kijivu na mawingu yanaonekana. Katika za baadaye anga limekuwa jeusi tititi na mwezi umebaki peke yake. Ukimuuliza kuhusu ile jioni ya 1941, unauliza kuhusu dakika chache za kazi iliyochukua nusu ya maisha yake.

Watafiti walijaribu pia kuitazama hatua ya kabla kabisa, ile ya kutafuta cha kufanya. Jacob Getzels na Mihaly Csikszentmihalyi, katika miaka ya 1960, waliwaweka wanafunzi 31 wa sanaa wa Chicago, mmoja mmoja, mbele ya vitu 27 na kumwomba kila mmoja apange baadhi yake na kuvichora. Watafiti hawakutegemea maelezo ya wanafunzi peke yake. Walihesabu ni vitu vingapi mtu alivishika, alivitazama kwa namna gani, na ilimchukua muda gani hadi picha kuanza kuonekana kwenye karatasi. Waliochezea vitu vingi na kuchelewa kuamua ndio ambao michoro yao ilionekana na majaji kuwa na upya zaidi. Ule muda ambao msanii anaonekana hafanyi lolote kumbe ulikuwa na kazi, na ndio muda ambao ni nadra kutajwa kwenye mahojiano, kwa kuwa hata yeye mwenyewe huuona kama uvivu.

Je, si bora basi kumtazama msanii akifanya kazi badala ya kumuuliza? Imejaribiwa, na ina gharama yake. Mwaka 1950 mpiga picha Hans Namuth alimpiga picha mchoraji Mmarekani Jackson Pollock akimwaga rangi kwenye turubai lililotandazwa sakafuni, kisha akamrekodi kwa filamu, mara nyingine akiwa chini ya kioo ambacho Pollock alichorea juu yake. Tangu hapo dunia inamjua Pollock kama mtu anayecheza ngoma kuzunguka turubai. Vipindi virefu alivyokaa akiitazama kazi bila kuigusa havikuwa na mvuto kwa kamera. Pollock naye alilazimika kuanza na kusimama kwa amri ya mtu mwingine, na inasimuliwa kwamba siku kazi ile ilipokwisha alirudia pombe aliyokuwa ameiacha kwa takriban miaka miwili.

Njia ya Dora Maar ilikuwa ya upole zaidi. Mwaka 1935 Picasso alikuwa amesema kwamba ingefaa kuhifadhi kwa picha mabadiliko ya mchoro unapokua. Miaka miwili baadaye, alipokuwa akichora Guernica, Maar, ambaye alikuwa mpiga picha hodari, alipiga turubai hilo likiwa katika hatua mbalimbali. Katika hatua za mwanzo kuna mkono ulionyooshwa juu, ngumi imekunjwa. Kisha ngumi inashika masuke ya nafaka. Kisha mkono mzima unatoweka. Mtu akimuuliza mchoraji kuhusu kazi iliyokamilika, kitu kilichofutwa hakimo tena mbele ya macho yao, na kwa hiyo hakiulizwi.

Limebaki suala la nani hasa anahojiwa. Mazungumzo kuhusu ubunifu huendeshwa na aliyeshika kamera au brashi. Aliyekuwa mbele ya lenzi haitwi. Machi 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na watoto wake kwenye kambi ya wavuna njegere, na picha hiyo ikawa sura ya mdororo mkubwa wa uchumi wa Marekani. Mwaka 1960 Lange alisimulia jinsi alivyoipiga: aliipita kambi, akaendelea na safari maili nyingi, akageuza gari kana kwamba anavutwa na sumaku, hakuuliza jina, na mama akamwambia kwamba wametoka kuuza matairi ya gari lao wapate kununua chakula.

Mama huyo, Florence Owens Thompson, alijulikana kwa jina mwaka 1978, na alikuwa na maelezo yake. Alisema aliahidiwa kwamba picha haitauzwa na kwamba angetumiwa nakala, ambayo hakuipata. Familia ilikanusha habari ya matairi: gari lilikuwa halina matairi ya kuuza zaidi ya yale liliyokuwa linatembelea, na waliondoka hapo kwa gari hilohilo. Mwanawe alidhani Lange alichanganya habari zao na za familia nyingine, jambo linalowezekana sana kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani baada ya wiki kadhaa za kupiga picha za watu wenye njaa. Lange alikuwa amefariki mwaka 1965, hivyo hapakuwa na namna ya kuwakutanisha. Kuhusu namna alivyosogea hatua kwa hatua hadi akabaki na uso, mkono na mabega ya watoto, negativu zilizobaki zinamuunga mkono. Kuhusu matairi, aliyestahili kuulizwa alikuwa amekaa ndani ya hema, na ilichukua miaka 42 kabla mtu hajamuuliza.